Picha Isiyobadilishwa Bwera

Wenzangu wa kituo cha kompyuta, mlinifanyia chai ya kuniaga, mkamaliza keki kabla sijapata kipande cha pili, kisha mkaniambia niwaandikie kila ninachojua. Siwezi. Nusu ya ninachojua imebandikwa kwa karatasi nyuma ya kabati la seva, na nusu nyingine ni majina ya watu ambao hawafai kukaa karibu na printa. Nimechagua jambo moja tu, ambalo najua mnalicheka nikiwa sipo: kwa nini kompyuta zetu za Kasese na za Bwera zina picha ileile ya bluu nyuma ya kila kitu kwenye skrini, na kwa nini hakuna mtumiaji anayeweza kuibadilisha.

Nilifika kituo cha Kasese nikiwa mwalimu wa kupiga chapa ambaye mashine zake za chapa zilikuwa zimekwisha kuuzwa kama chuma. Nilikuta kompyuta kumi za msaada, zimefutika herufi kwenye vibonye, zote zinatumia mfumo wa Linux. Aliyenipokea alikuwa Afande Thembo, mstaafu wa jeshi, zamani fundi wa redio za mawasiliano. Linux alijifunza mwenyewe kutoka kitabu kimoja kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, akanifundisha mimi kwa hichohicho, ndiyo maana hadi leo mambo ya mwanzo nayajua vibaya kuliko mambo ya katikati. Alizungumza na kompyuta kwa sauti aliyotumia kwa makuruta. Siku yangu ya kwanza nilinyoosha mkono nishike kipanya, akanguruma.

"Wewe, madam! Hapana gusa! Umeingia na pasiwadi ya nani?"

"Yako, afande. Uliiacha wazi."

"Toka! Ingia na pasiwadi ya mgeni. Kaa kwa kiti ya raia, ona ile kitu raia inaona. Mimi nikikaa kwa kiti ya mkubwa, kila kitu inatii. Inanidanganya!"

Niliondoka kwenye kiti cha mkubwa, yaani akaunti ya msimamizi, nikaingia kama mgeni, na kweli nusu ya vitu vilivyokuwa vikifanya kazi havikufanya kazi. Basi huo ndio uliokuwa utaratibu wake: ukibadilisha chochote, huondoki mpaka ukae pale anapokaa mtumiaji, na macho yako yaone. Niliufuata miaka yote isipokuwa siku moja, na siku hiyo mtaifikia mkiendelea kusoma.

Hiyo akaunti ya mgeni ilikuwa moja kwa watu wote. Picha aliyoiweka mmoja asubuhi, mwenzake aliikuta mchana. Jumatatu ilikuwa timu ya mpira, Jumanne bibi harusi. Mama mmoja muuza chumvi wa Kabatoro alimweka mjukuu wake, akatuonya kwamba asiondolewe kabla ya Ijumaa. Wapagazi na waongozaji wa mlimani waliokuja kuwaandikia wageni wao walijiweka wenyewe, kila mmoja amesimama juu ya theluji, miwani myeusi, mikono kiunoni. Mimi sikuwa na neno. Tatizo lilikuwa kwamba nambari ya mashine iliandikwa kwenye picha yetu ya bluu, na bila nambari hiyo huwezi kumsaidia mtu kwa simu.

"Madam, mashine yangu imekwama."

"Nambari ngapi?"

"Ile ya bibi harusi."

Na siku hiyo tulikuwa na mabibi harusi watatu.

Nilianza kwa adabu. Niliandika tangazo kwa herufi kubwa, TAFADHALI USIBADILISHE PICHA, nikalibandika ukutani. Siku mbili baadaye mtu alilipiga picha tangazo lenyewe, akaliweka kwenye skrini ya mashine ya saba. Afande Thembo alicheka mpaka akakaa chini, na sikuwahi kumwona akikaa chini saa za kazi. Halafu akafungua kile kitabu chake na kunionyesha namna ya kufunga.

Nawaeleza kwa ufupi, maana hili mtalihitaji. Kuna faili moja linaloiambia mashine picha ni ipi. Kuna faili la pili, la kufuli, linalotaja mambo ambayo mtumiaji haruhusiwi kuyagusa. Unaandika yote mawili ukiwa msimamizi, unatoa amri ya kusasisha, mtumiaji anatoka na kuingia tena, basi. Akifungua mipangilio atabonyeza picha anayoitaka mpaka kidole kiote sugu, na bluu itabaki palepale.

Nilijisifu wiki nzima. Kisha nikaingia asubuhi moja nikamkuta Masereka, mwongozaji wa Nyakalengija, juu ya theluji yake kwenye mashine ya pili.

"Masereka, umevunja kufuli yangu?"

"Hapana, madam. Setting iko vile uliweka. Mimi sikugusa setting."

Na alisema kweli. Mimi nilikuwa nimefunga jina la faili, lakini faili lenyewe nililiacha kwenye folda ya watu wote. Yeye alifuta bluu yangu, akaweka picha yake na kuipa jina lilelile. Nikaihamishia picha kwenye folda ambayo mgeni anaweza kuitazama tu. Mwezi haukuisha, mwalimu mmoja wa Ibanda mwenye macho mabovu aliiweka skrini katika hali ya giza ili isimchome, na kwaya yake yote, picha aliyoiweka kabla ya kufuli, ikatokea mbele yake, imevaa zambarau. Ndipo nikajua mashine ina picha mbili, ya hali ya mwanga na ya hali ya giza, na kila moja inataka kufuli yake. Mkisahau hilo, mtaimbiwa.

Afande Thembo alipoondoka kituoni aliniachia kitabu, bisibisi mbili na kamusi ya matusi ya jeshi ambayo sikuiandika popote. Baada yake tukafungua chumba cha pili, cha Bwera, kule mpakani.

Kile chumba kilikuwa cha Hajji Baluku. Wengi wenu mnamjua: msafirishaji, mwenye malori yanayovuka mpaka, mtu mpole mpaka umguse. Jengo lake liko kando ya soko, na alitupa chumba cha mbele kwa neno la mdomo tu, bila karatasi. Kompyuta nane. Mwangalizi wa chumba alikuwa Kabugho, ambaye leo mnamwita bosi, lakini siku hizo alikuwa amerudi nyumbani kutoka mjini bila kazi na hakuwa anacheka hovyo. Alikipenda kile chumba. Alikuwa akifuta vumbi hata kwenye nyaya. Kina mama wa sokoni walikuja kwake kujaza fomu za mizigo ya kuvuka mpaka, na kama chumba kisingekuwepo, wangelazimika kuacha vibanda vyao kutwa nzima kuja Kasese. Kwa hiyo ufunguo wa mlango ule ulikuwa na maana kwa watu wengi, na ulining'inia kwenye neno la mtu mmoja.

Bwera sikuweka kufuli. Nilidhani watu wa mahali papya watakuwa na haya. Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa soko, na waliogombea walikuwa wawili: Hajji Baluku mwenyewe, na Baluku wa Kahawa, mkulima na mnunuzi wa kahawa, Mkristo wa siku nyingi pale Bwera. Hawakuwa ndugu. Asiyetoka kwetu nimwambie kwamba sisi Bakonzo tunapewa majina kwa zamu ya kuzaliwa, na Baluku ni mojawapo, kwa hiyo ukisimama sokoni ukaita "Baluku!", watageuka wanaume wa kutosha kusukuma lori.

Wafuasi wa pande zote walikuja kuchapisha karatasi, na kila aliyeinuka aliacha sura ya mtu wake kwenye skrini. Siku moja Hajji aliingia kuchapisha hati za mzigo, akakuta Baluku wa Kahawa anatabasamu kwenye mashine sita kati ya nane.

"Mu nyumba yangu?" alimuuliza Kabugho, kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ilimtisha. "Mu nyumba yangu mwenyewe? Kabugho, nikirudi nikute ile mutu tena, unanipatia ufunguo. Siko nacheza."

Kabugho alinipigia simu akiwa nje, nyuma ya jengo, ili kina mama wasimsikie analia. Kesho yake nilikuwa Bwera. Nikarudisha bluu kwenye mashine zote nane, nikaweka kufuli mbili, nikakaa kwenye kila kiti kama mgeni, nikajaribu. Picha tulizoziondoa hatukuzifuta, kwa sababu ni mali za watu. Kabugho alizihifadhi kwenye folda yake (pasiwadi ya kufuli nilibaki nayo mimi peke yangu), kila moja na jina la mwenye sura. Mambo yakatulia siku tatu.

Siku ya nne Hajji alikuja na flashi mfukoni, akakaa, akajaribu kuweka picha yake mwenyewe. Ikakataa. Kabugho anasema hakukasirika hata kidogo. Alijaribu tena, akaegemea kiti, akaitazama ile bluu kwa heshima. Jioni akanipigia.

"Mama Biira, hii kufuli yako iko na nguvu. Hakuna mutu anaweza kutoa?"

"Hakuna, Hajji. Isipokuwa mimi."

"Bon, sawa. Picha yangu nimeachia Kabugho. Weka, kisha funga. Mpaka kura ipite."

"Hajji, hiyo si sawa. Chumba ni cha wote."

"Chumba ni yangu," alisema, na alisema kweli. "Ukikataa, kesho nafunga mulango."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilisimama imara. Sikusimama. Nilimfikiria Kabugho na nyaya zake zisizo na vumbi, nikawafikiria kina mama na fomu zao, nikajiambia ni wiki mbili tu. Na kwa kuwa niliona aibu, sikutaka kwenda kuiona. Kesho yake mchana niliingia kwenye mashine za Bwera kupitia mtandao, nikiwa nimekaa Kasese kwenye kiti cha mkubwa, nikaandika jina la faili, baluku, nikatoa amri ya kusasisha kwa mashine zote nane, kisha nikampigia Kabugho awaambie watu watoke na kuingia tena. Sikumuuliza anaona nini. Nilikwenda kutengeneza chai.

Akanipigia kabla maji hayajachemka.

"Mama. Umeweka Baluku."

"Ndiyo, si ndiye alitaka?"

"Umeweka Baluku ingine."

Faili la baluku lilikuwa la Baluku wa Kahawa, kwa kuwa picha yake ilihifadhiwa kwanza. Ya Hajji ilikuja siku ile ya nne, na Kabugho, alipokuta jina limechukuliwa, aliiita baluku2. Yeye aliona hilo ni jambo la kawaida. Darasani kwao walikuwa na Baluku mpaka wa tano.

"Iko ku mashini yote munane," alisema. "Nimefinya, nimefinya, haitoki. Hata ku hali ya giza iko. Kina mama beko nacheka. Na Hajji anavuka barabara sasa hivi, anatoka musikitini, iko na wazee wake wane!"

"Zima mashine!"

"Naweza zima aje? Wamama beko katikati ya fomu!"

"Ngoja, nairekebisha sasa hivi," nikasema, nikarudi mbio kwenye meza, na umeme wa Kasese ukakatika. Sitii chumvi hata punje. Muulizeni yeyote aliyekuwepo ni neno gani nililolitoa, lilikuwa la Afande.

Ilinichukua saa mbili na zaidi kufika Bwera. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi na kuyapangua. Nilipoingia, kina mama walikuwa wamehifadhi fomu zao na kuondoka, wale wazee wanne hawapo. Kabugho alikuwa amesimama ukutani, macho mekundu. Ufunguo wa mlango ulikuwa juu ya meza, mbele ya Hajji. Yeye alikaa kwenye mashine ya kwanza, mkono kwenye kipanya, na mbele yake Baluku wa Kahawa anatabasamu meno yote.

"Biira," alisema bila kugeuka, "umenifungia mupinzani mu nyumba yangu."

"Ni kosa langu, Hajji. Si la Kabugho. Niliandika jina bila kuangalia."

"Wazee wangu wamecheka mpaka wakaenda kucheka nje."

"Nisamehe."

"Toa."

Nilivuta kiti, nikaingia kama msimamizi, nikafungua lile faili. Akasogeza uso karibu na skrini ili asome, mdomo ukimtembea. Nikamwonyesha mstari wenyewe na mahali pa kuongeza ile 2, isomeke baluku2.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Namba moja tu, mutu anatoka, mutu anaingia?"

"Ndiyo, Hajji. Kufuli haimjui mtu. Inafunga kile nilichoandika."

Nikaweka kidole juu ya kibonye. Hakuniambia nibonyeze. Nje kuna mtu alikuwa anapakua mihogo.

"Nimekaa hapa masaa mawili," akasema hatimaye. "Nimefinya kila kitu. Nimezima, nimewasha. Ule mutu ananicheka tu. Nimekasirika mpaka nilitaka kupiga skrini na kiti. Na mimi ndiye mwenye nyumba, Biira! Sasa ule muuza kahawa, bibi yake akuje hapa kujaza fomu, akute mimi ndiye ninamucheka hivi?"

Niliondoa kidole kwenye kibonye.

"Kura siwezi pata kwa mutu nimemukasirisha hivi," aliongeza, kwa sauti ya mfanyabiashara anayekagua mzigo. Kisha akausukuma ufunguo mezani mpaka ukamfikia Kabugho. "Weka ile ya bluu. Na ufunge. Hata mimi unifungie."

Niliirudisha bluu. Kisha nikatoka, nikaingia kama mgeni, nikakaa kwenye viti vyote vinane, kimoja baada ya kingine, na Hajji akanifuata nyuma akihakikisha. Kwenye mashine ya tano alijaribu mwenyewe kuweka picha yake. Ilipokataa akaguna, akaenda zake kwa sala ya alasiri. Kabugho alinishika mkono. Mimi nililia kidogo, nawaambia wazi, kwa sababu nilijua ni bahati iliyokiokoa kile chumba, si mimi.

Hajji alishindwa katika uchaguzi. Wengine walisema ni utajiri wa malori yake, wengine walisema ni kile kicheko cha wazee. Hakukifunga chumba. Alizidi kuja, kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi, akajifunza kuandika barua zake mwenyewe kwa vidole viwili, na kiti chake kilikuwa cha mashine ya nne.

Baada ya wiki chache nilikuwa Bwera kubadilisha kipanya, mlango ukafunguka, akaingia mwenyekiti mpya wa soko, Baluku wa Kahawa, amevaa koti, flashi mkononi. Alitusalimia vizuri, akamgeukia Kabugho.

"Dada yangu, sasa mimi ndiye chairman. Batu ya soko lazima bajue sura ya chairman yao. Weka hii ku mashini yote."

Kabugho alinitazama. Mimi nikautazama ufunguo kiunoni mwake. Hajji akasema kutoka mashine ya nne, bila kuinua macho kwenye barua yake:

"Keti, chairman. Jaribu mwenyewe. Mimi nilijaribu masaa mawili."

Chairman alitazama ile bluu, akamtazama Hajji, kisha akairudisha flashi mfukoni na kuuliza kama printa inafanya kazi.